Pua ya Lorna

Jumamosi ya mechi, stesheni kuu ya Newcastle inageuka dampo. Sakafu inanata kwa bia iliyomwagika, njiwa wanagombania ganda la pai chini ya benchi, na wasichana waliojivika mikanda ya utepe wa waridi, wanaomsindikiza mwenzao anayekaribia kuolewa, wameshaanza kulewa kabla ya saa sita mchana. Katikati ya uchafu huo akaingia Lorna Charlton. Alikuwa na suti ya kijani iliyopigwa pasi ikanyooka, hereni za lulu, na nywele zake nyekundu kazibana nyuma kwa kibanio cha fedha. Alitaka kikombe cha chai na mahali pa kukaa, basi.

Mkahawa ulikuwa umefurika, watu wanakula wima. Ila kule pembeni, karibu na dirisha, palikuwa na mwanamume mmoja peke yake mezani, na meza zote zilizomzunguka zilikuwa tupu. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Lorna miguu ilikuwa inamuuma, hakujiuliza.

"Naweza kukaa?"

"Karibu sana."

Akaketi, akanywa funda la kwanza, ndipo ikamfika. Nitaisema ilivyokuwa, maana bila kuisema hadithi yenyewe haipo. Ilikuwa harufu ya choo cha shimo kilichofunikwa kikasahauliwa juani, na ndani yake mlikuwa na utamu kidogo, wa tunda lililooza. Utamu huo ndio uliokuwa unachefua kuliko yote. Chai ikagoma kushuka. Machozi yakamlengalenga.

Mwanamume mwenyewe alikuwa nadhifu. Sweta ya buluu iliyokolea, kola nyeupe, kucha safi, ndevu zimechongwa vizuri, na macho ya kijivu yaliyokuwa kama yanataka kucheka. Bila harufu ile angekuwa mtu wa kutazamwa mara mbili. Lorna alimtazama mara mbili hata hivyo.

"Samahani nikuulize," alisema yule mwanamume. "Unasikia harufu yoyote?"

Nimeishi na Waingereza hawa miaka mingi na bado sijawazoea. Ukimkanyaga mguu mmoja wao, yeye ndiye anakuomba radhi. Ukimpikia chakula kibovu atakula, atakusifu, kisha atatapika kwake kimyakimya. Wanaita adabu. Mimi inanitia kinyaa, na mnaposoma mtaona sababu.

"Harufu?" alisema Lorna. "Hapana."

"Una uhakika?"

"Labda ya kahawa."

"Afadhali. Watu wamekuwa wakihamahama meza hapa, nikaanza kuwa na wasiwasi. Nina kopo la mafuta humu kwenye begi."

"Mafuta ya nini?"

"Ya choo."

Lorna akaweka kikombe chini.

"Usiniangalie hivyo," alisema mwanamume, sasa anacheka waziwazi. "Ndiyo kazi yangu. Natengeneza harufu za kuweka kwenye makumbusho na ngome. Ukiingia kwenye zizi la kale ukasikia samadi ya farasi, na farasi mwenyewe ni wa mbao, jua ni mimi."

"Na wewe mwenyewe huisikii?"

"Ya choo? Hata ukinipaka usoni. Nimeifanyia kazi mpaka pua imeizoea kabisa. Ndiyo maana nawauliza watu. Naitwa Aidan Heslop."

"Lorna. Na kopo hilo linakwenda wapi?"

"Ngome ya Oldmoor."

"Acha utani. Mimi ndiye ninayeandaa harusi pale."

"Harusi na choo?"

"Tumepakana ukuta," alisema Lorna, na wote wawili wakacheka mpaka wale wasichana wa mikanda wakageuka kuwaangalia. Wakapanda treni moja. Njia nzima Aidan alimchekesha, na njia nzima Lorna alikuwa anavuta pumzi kwa mdomo.

Ngome ya Oldmoor iko juu ya mto Tyne, nje kidogo ya jiji. Waliijenga wale mabwana waliokuja na farasi kutoka ng'ambo, ili wakalie shingo za wenyeji kwa raha zao. Kuta zake ni nene kuliko chumba cha kulala cha mtu wa kawaida, na juu ya ukuta wa kaskazini, nyuma ya ukumbi mkubwa, kuna kile kijumba kilichoning'inia nje, chenye benchi la jiwe na tundu katikati. Bwana aliketi pale, na alichokiacha kikadondoka ukutani hadi kwenye handaki. Nguo zake za sherehe zilitundikwa humohumo juu ya tundu, eti uvundo uue viroboto. Kisha bwana anazivaa, anakwenda kula. Waskoti walipoizingira, wasimulizi wa ngome wanasema, kuna askari mmoja aliyepanda kwa kupitia tundu hilo kutoka chini. Mimi sijui kama ni kweli, lakini kila nikiifikiria nanawa mikono.

Na watu wanalipa kwenda kuona! Wanatoka Leeds, wanatoka Glasgow, wamebeba watoto na miavuli. Wanapita haraka kwenye mapanga na ngao, wanakwenda kupanga foleni chooni. Handaki lenyewe siku hizi ni bustani ya nyasi, na maharusi wanapigia picha pale pale na glasi mkononi.

"Hivi wanakipendea nini?" Lorna alimuuliza Aidan siku moja wameketi kwenye ngazi za mnara, wanagawana mkate wa duara uliojazwa nyama ya nguruwe na uji mzito wa njegere. "Niambie ukweli wewe mwenye biashara."

"Mapanga huwezi kuyaamini. Malkia huwezi kumwamini, yuko mbali. Lakini mtoto akichungulia tundu lile, akavuta pumzi, akasema 'eee', anajua moja kwa moja kuwa kulikuwa na mtu hapa. Mtu kama babu yake."

"Na mama yake?"

"Mama yake anarudi nyumbani anakipenda choo chake."

"Una maneno wewe."

"Ninayo, na pua moja ya kuazima." Akamgusa ncha ya pua kwa kidole. "Wewe ndiye pua yangu sasa, Lorna. Kila mtu akiniambia safi, nasubiri kwanza useme wewe."

Lorna akatabasamu, moyoni akijisikia mchafu kuliko handaki. Kwa sababu wakati ule Aidan alikuwa ananuka. Mafuta yale hayakuwa yanakaa kwenye kopo tu, yalimwingia kwenye nywele, kwenye sufu ya sweta, nyuma ya masikio, na sabuni haikuyaweza. Alioga kila siku kama mtu mstaarabu, kisha akavaa sweta iliyoshinda karakanani.

Walipendana hivyo hivyo, majira yote ya kiangazi. Simu zao zilikuwa hazikatiki.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kwenye meza ya keki, nahesabu uma. Wewe?"

"Natengeneza pango lenye popo. Popo wamenikataa."

"Wabembeleze."

"Nitabembeleza nani tena, nikikubembeleza wewe tu siku inaisha. Nije leo?"

"Leo? Leo nimechoka kidogo, Aidan."

"Jana ulichoka, juzi kichwa."

"Njoo Jumapili. Tutembee ufukweni Tynemouth."

Ufukweni kulikuwa na upepo. Lorna alipenda kukutana naye penye upepo. Nyumbani kwake alifungua madirisha yote akidai anapenda hewa. Siku ya kuzaliwa ya Aidan alimnunulia sabuni, na marashi, kisha marashi mengine. Sweta yake aliitundika nje ya mlango wa nyuma, akasema paka wa jirani anaipenda. Hakukuwa na paka.

Kwenye mkahawa wa ngome aliuza Bev, mama wa makamo mwenye mikono iliyojaa unga, ambaye, kama wenyeji wengi wa huku, humwita kila mtu kipenzi, hata mwizi wa vijiko.

"Kipenzi," Bev alimwambia Lorna akifuta meza, "yule mwanamume wako ananuka."

"Najua."

"Umemwambia?"

"Wewe ungemwambia?"

"Mimi? Mimi namuuzia vikeki vya skoni tu." Akakikung'uta kitambaa chake. "Na ni kijana mzuri jamani. Inasikitisha."

Oktoba ikafika. Ngome ikapata harusi kubwa ya mwaka, ya binti wa watu wazito na kijana mmoja wa Gateshead aitwaye Stuart Ridley. Alhamisi kabla ya harusi hiyo, Aidan alifunga mashine yake mpya chooni, feni ndogo inayopuliza mafuta, kisha akafunga mlango mzito wa mbao na kumweka Lorna katikati ya ukumbi.

"Vuta pumzi vizuri," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Harusi yako ni keshokutwa. Inafika hapa?"

Lorna akavuta pumzi. Uvundo ukampiga usoni waziwazi. Akamwangalia Aidan, pale mlangoni, na sweta yake, akijua kabisa unakotoka. Akisema naisikia, Aidan angeukagua mlango, angekuta umefungwa vizuri, kisha angeuliza, basi inatoka wapi? Lorna angemjibu nini?

"Safi kabisa," alisema.

"Hakika?"

"Hakika, mpenzi."

Aidan akambusu kwenye paji la uso, akaenda zake na furaha.

Siku ya harusi baridi ilikuwa kali, wakawasha moto kwenye meko makubwa ya ukumbi. Moto wa namna hiyo unavuta hewa kutoka kila upenyo. Ulivuta kutoka chini ya mlango wa choo, na ule uvundo ukaingia taratibu, kwanza kwenye viti vya mbele, kwa upande wa bwana harusi, kisha ukajaa. Ulitua kwenye samaki. Ulitua kwenye keki. Bibi harusi alikuwa na gauni la hariri nyeupe lenye mkia mrefu, na hariri inashika harufu kuliko kitu chochote. Wageni karibu mia walikaa wima na kofia zao za manyoya na tai zao, midomo imebana, wakisema ukumbi mzuri, siku nzuri, samaki mzuri. Hakuna hata mmoja aliyesema kuna choo humu. Natamani ningekuwepo niseme.

Lakini kila mmoja alikuwa ameshapata mkosaji. Baba wa bwana harusi, mzee Norman Ridley, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa utumbo miezi michache nyuma, na chini ya shati lake jipya alivaa mfuko wa haja tumboni. Familia zote mbili zilijua. Mama wa bibi harusi akasogeza kiti chake kwa adabu. Shangazi mmoja akasogeza cha kwake. Mzee akaona viti vinasogea. Akajishika tumboni, akaenda msalani kujikagua, akarudi, akakuta uvundo bado upo. Kabla ya hotuba aliinuka taratibu, akachukua koti lake.

Lorna alimkuta kwenye maegesho, ndani ya gari lake, mikono juu ya usukani.

"Mzee Ridley, kuna shida? Hotuba zinaanza."

"Hakuna shida, kipenzi. Nitazisikia kwa mwanangu baadaye." Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Nawaombeni radhi kwa usumbufu."

"Hakuna usumbufu wowote," alisema Lorna.

Akarudi ukumbini. Uvundo ulikuwa pale pale, mzito kuliko mwanzo, na mzee hayupo, na Aidan yuko jijini. Akasimama mbele ya mlango wa choo na kuelewa alichokinusa Alhamisi. Maneno ya kwenda kumwambia mzee yalikuwa machache tu. Alishindwa kuyasema. Aliizima feni, akafungua madirisha, akarudi kutabasamu.

Jumatatu familia ya bibi harusi ikaandika malalamiko, na msimamizi wa ngome akavunja mkataba wa Aidan kwa simu. Habari ikasambaa kwenye makumbusho mengine, oda zikafutwa. Jioni ile simu ya Lorna ikalia.

"Nijibu kitu kimoja tu," alisema Aidan. Hakumwita mpenzi. "Alhamisi ulinusa kitu au hukunusa?"

Lorna alikuwa ameketi jikoni kwake. Akaishika meza.

"Nilinusa."

"Ukaniambia safi."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Aidan..."

"Watu wananiambia mlitaka kunitoa siku nyingi, kwamba harusi zina faida kuliko choo. Nilibishana nao. Nikasema Lorna hawezi kunifanyia hivyo."

"Siyo hivyo."

"Basi ni vipi? Niambie, nakusikiliza."

Jibu lilikuwa kwenye ulimi wake. Angelisema, lingemuumiza, na wote wawili wangeweza kuanza tena. Badala yake akatoa lile neno ambalo watu hawa hulitumia kufungia milango.

"Pole sana."

Simu ikakatika. Lorna alibaki ameketi na kinyaa, safari hii cha nafsi yake mwenyewe.

Wiki zikapita. Aidan hakupokea simu, wala hakujibu ujumbe. Novemba ikaingia na mvua zake za upepo, na siku moja shangazi wa akina Ridley akaja mkahawani kuchukua kinara cha keki kilichosahauliwa. Alipoondoka, Bev akamfuata Lorna ofisini, hana utani usoni.

"Yule mzee hatoki tena nyumbani. Hata kanisani. Anakula peke yake."

Lorna akavaa koti lake siku hiyo hiyo na kuvuka mto hadi Gateshead.

Mzee Norman alimfungulia mlango akiwa na sweta mbili. Sebule ilikuwa baridi kama nje, madirisha yote wazi, mvua inalowesha mapazia. Alimwonyesha kiti cha karibu na mlango, yeye akaenda kukaa ukutani upande wa pili.

"Haikuwa wewe," alisema Lorna, hata hajaketi. "Ile harufu, siku ya harusi. Ilikuwa ya mashine ya choo cha ngome. Ilipita chini ya mlango. Mimi niliinusa mapema na sikusema."

Mzee akazivuta sweta zake zimfunike tumbo.

"Mke wangu analala chumba cha wageni," alisema. "Mimi ndiye niliyemwomba ahame. Anasema hasikii kitu. Nikajua ananionea huruma tu."

"Alikuwa anasema kweli."

"Na wewe ulijua lini?"

"Siku ile ile. Dakika chache baada ya kukuacha kwenye gari."

"Nikiwa bado nimekaa pale."

"Ndiyo."

"Mwanangu alihutubia na mimi sikumsikia." Mzee akasimama, akamfungulia mlango. "Toka nyumbani kwangu, kipenzi."

Lorna akatoka. Alipofika getini aligeuka, akamwona mzee anafunga madirisha, moja baada ya jingine, na anamwita mkewe kwa sauti.

Kutoka pale hakurudi nyumbani, maana alijua akirudi ataoga, atakunywa chai, na ujasiri utaisha. Alikwenda moja kwa moja hadi bonde la Ouseburn, kwenye karakana ya Aidan, chini ya daraja la reli. Suti yake ilikuwa imelowa, kibanio cha nywele kimeanguka njiani, viatu vina tope. Aidan alikuwa anapanga chupa kwenye maboksi. Amekonda.

"Unahama?" aliuliza Lorna.

"Nauza vitu. Umefuata nini?"

"Nimekuja kukwambia jambo. Naomba usinikatize."

"Sema."

"Unanuka."

Aidan akabaki na chupa mkononi. Treni ikapita juu, vioo vikatetemeka rafuni.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na siku ile stesheni, na kila siku katikati. Kwenye nywele, kwenye sweta, nyuma ya masikio. Siku ile ya majaribio nilisikia uvundo nikadhani ni wewe uliyesimama mlangoni. Ndiyo maana nilisema safi. Hakuna aliyekupangia njama. Nilishindwa tu kukwambia."

Aidan akakaa juu ya boksi. Akainua mkono wa sweta hadi puani, akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu. Hakuna alichosikia, na hilo lilimtisha kuliko maneno yenyewe.

"Ulipokuwa unafungua madirisha," alisema. "Ulisema unapenda hewa."

"Naichukia baridi."

"Paka wa jirani?"

"Hakuna paka."

"Ulipolala kifuani kwangu, Lorna."

"Nilikuwa navuta pumzi kwa mdomo."

"Mungu wangu." Akajifunika uso. "Na Bev anajua?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu. Nimeingia benki hivi. Nimemzika mjomba wangu hivi, nikawakumbatia watu wote kanisani." Sauti ikamshuka. "Inanukaje?"

"Choo cha shimo. Na ndani yake utamu, kama tunda limeoza."

"Ule utamu nilihangaika nao sana," alisema Aidan, na kwa kitambo kidogo fahari ikamjia usoni bila kutaka. Kisha ikazimika. "Kama ilikuwa mbaya hivyo, ulikaa kwa nini?"

"Kwa sababu unanichekesha. Na kwa sababu wewe ndiye mtu pekee aliyewahi kuniuliza ninasikia nini na akasubiri jibu. Nami kila mara nikakupa uongo." Hakulia, ingawa alitaka. "Nimetoka kwa mzee Ridley. Kesho nitamwambia msimamizi kuwa kosa ni langu, nitawaandikia na wale wengine waliokufutia oda. Anifukuze akitaka."

Aidan akainuka. Akatembea hadi kwenye droo ya meza yake ya kazi, akatoa kijiboksi, akakiweka mbele yake bila kukifungua.

"Nilinunua Agosti. Nilipanga nikuulize baada ya harusi ile. Sasa hata sijui kuna maana gani kukuuliza. Ungetaka kukimbia, bado ungeniambia ndiyo, na ungenishukuru kwa kuuliza."

"Niulize hivyo hivyo."

"Lorna."

"Niulize."

Akakifungua. "Utakubali kuolewa na mimi?"

"Hapana," alisema Lorna.

Maji ya mvua yalidondoka kutoka kwenye koti lake hadi sakafuni.

"Hapana, kwa sababu sitaishi maisha yangu navuta pumzi kwa mdomo. Weka bomba la kuogea hapa, uache nguo za kazi hapa hapa, uje kwangu ukiwa mtu mwingine. Hapana, kwa sababu uliamini maneno ya watu, ukanikatia simu, na mimi bado nina hasira. Na pete hiyo ni mbaya."

Aidan akaiangalia pete. Ilikuwa na jiwe kubwa la kijani lililozungukwa na vijiwe vya manjano.

"Mbaya vipi?"

"Inafanana na jicho la chura."

"Niliwaonyesha watu. Wote walisema nzuri."

"Walikuonea aibu."

Aidan akaanza kucheka, taratibu, begani kwanza, mpaka akalazimika kushika meza. Ilikuwa ni mara ya kwanza tangu Oktoba. Lorna akacheka pia, kisha akavuta pumzi kwa bahati mbaya, akakohoa, akakimbilia mlangoni kupata hewa.

"Basi nikioga," alisema Aidan kwa sauti, akibaki kwa heshima upande wa pili wa chumba, "na nikibadilisha pete, na hasira zikipungua, naweza kuuliza tena?"

"Uliza uone."

Aliuliza tena wiki ya Krismasi, nje ya soko la Grainger, watu wakiwapita na bata mzinga wao mabegani. Alikuwa amenyoa nywele zote kichwani, amevaa koti jipya, na pete ilikuwa ya fedha tupu, nyembamba. Lorna hakumjibu mara moja. Alimshika kola, akamvuta chini, akamnusa nyuma ya sikio moja, akamnusa nyuma ya la pili, mbele za watu, bila haraka, huku Aidan amefumba macho kama anayesubiri hukumu. Kisha akasema ndiyo, na Aidan akamwamini.